Beji Shingoni mwa Osiepa

Mtaani Pioneer, Eldoret, watu wamegombania mpaka wa ploti, foleni ya maji na takataka za nani zimemwagwa kwa nani. Kugombania mbwa kulikuwa bado. Na si mbwa wa maana, wale wa masikio yaliyosimama wanaolindia benki. Huyu alikuwa koko wa rangi ya ugali wa wimbi, mkia umepinda kama mkono wa kikombe, sikio moja limesimama na lingine limelala kana kwamba lilichokea njiani. Lakini Amondi alimpenda, na juu ya mbwa huyo aliona wivu ambao hata mume wake, pamoja na makosa yake yote, hakuwahi kuupata.

Mambo yalianza Januari ya 2008, matokeo ya uchaguzi yalipokuwa yameshatangazwa na mji ukashika moto. Amondi, fundi wa cherehani, alikuwa peke yake katika nyumba yake ya kupanga. Mwanawe Javan alikuwa akilelewa Siaya kwa nyanya yake. Mumewe Ogola alikuwa ameenda Kisumu kula Krismasi, barabara zikafungwa nyuma yake. Upande wa pili wa ua wa michongoma waliishi Waithira na Mbuthia, Wakikuyu wa kutoka Mkoa wa Kati, wenye duka la rejareja na ploti yao wenyewe. Asubuhi moja walipakia watoto na magodoro juu ya pikapu waende kambi ya Showground, na kabla dereva hajapiga honi ya mwisho Waithira akaja mbio hadi kwenye tundu la ua. Akapitisha kitu kilichojaa leso nzima na kilichokuwa kikipiga mateke. Kilikuwa mbwa wao, Njamba, ambaye hata hajamaliza kuota meno.

"Nishikie," alisema Waithira. Akaondoka. Jioni hiyo duka likaungua, na nyumba ikafuata duka.

Neno lilikuwa hilo, nishikie, na Amondi alilisikia vizuri. Mtu akikwambia nishikie anamaanisha atarudi. Lakini neno likilala miaka miwili bila mwenyewe kulidai, huanza kulegea. Kufikia mwaka wa pili Amondi alikuwa akisimulia kwamba Waithira alisema chukua. Hakuwa anadanganya. Alikuwa amelifua neno lile mara nyingi sana hadi likabadilika rangi.

Jina nalo ilibidi libadilike, na hilo halikuwa kosa la mtu. Njamba ni neno la Kikuyu, maana yake shujaa, na mwezi ule kupaza sauti kwa Kikuyu barabarani kulikuwa ni kujitafutia wageni. Amondi akajaribu kulipunguza kidogo tu, akaondoa herufi ya mbele. Aliita mara moja pale mlangoni kisha akafunga mdomo haraka, kwa maana neno lililobaki ni lile ambalo watoto huchapwa wakilitaja mezani. Ndipo akamwita Osiepa, rafiki yangu kwa Kijaluo.

Na alikuwa rafiki kweli. Wiki zile ambapo nusu ya nyumba za mtaa hazikuwa na watu, mbwa yule mdogo alilala ameegemea mlango kwa ndani, na Amondi akalala akimsikiliza anavyopumua. Barabara zilipofunguliwa Ogola akarudi, akakaa, akanywa chai, akasema kuna kazi ya ujenzi imepatikana Kisumu. Ilikuwa nyumba ya nani Amondi hakuuliza, lakini ilikuwa nyumba isiyokwisha. Msingi wake ulichukua miezi, kuta zikala mwaka mzima, na kila Ogola alipokuja kumwona mke wake alinukia sabuni ambayo mke wake hakuinunua. Osiepa hakuwa na kazi Kisumu.

Kwa hiyo akina mama wa kanisa wakawa hawana budi kusikiliza habari za mbwa. Amondi aliwaambia jinsi Osiepa anavyojua siku ya Jumapili, jinsi anavyomchukia mwizi na kumheshimu pasta, na zaidi ya yote, jinsi alivyozaliwa akijua Kijaluo. Hiyo ndiyo ilikuwa hadithi yake tamu kuliko zote. Siku ya kwanza kabisa, alisema, alimwonyesha mlango akamwambia "dhi!", yaani nenda, na yule mtoto wa mbwa akatoka nje akajisaidia huko huko kwenye michongoma kama mtu aliyesoma. Nani alimfundisha? Hakuna. Lugha ilikuwa ndani yake ikingoja mtu wa kumsemesha. Akifika hapo Amondi aliwaangalia mmoja mmoja, ili wasikilizaji waone wenyewe kwamba mbwa wa namna hiyo hakupotea njia, alifika kwao.

Mwaka wa 2010 Waithira akarudi.

Alirudi na Mbuthia, na binti yao Wangeci na wadogo zake, na mabati ya wahisani, wakasimamisha chumba kimoja juu ya msingi ule ule ulioungua. Mtaa ukamwagika kwao. Huyu alileta vikombe, yule akaleta blanketi, na hata watu ambao zamani walikopa unga dukani wakapotea sasa walikuja wakiwa na unga. Kila mtu alitikisa kichwa na kusema pole, pole sana Mama Wangeci. Amondi naye alikwenda, amebeba birika la chai, na njiani akajishika akifikiri jambo baya: kwamba tangu Ogola aanze ile nyumba yake Kisumu, hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumwambia yeye pole. Aliyechomewa hupewa mabati. Anayeachwa polepole hapewi hata msumari.

Hajamaliza kulikemea wazo hilo, Osiepa akampita. Alijipenyeza kwenye tundu la ua, akasimama, akanusa hewa. Waithira aligeuka akasema, kwa sauti ndogo kana kwamba anaogopa kujibiwa, "Njamba?"

Mbwa aliruka. Alimrukia kifuani, akamlamba uso, akazunguka mara ngapi sijui, akalala chali, na mwishowe akajikojolea kwa furaha mbele ya wageni wote. Watu walicheka na wengine wakalia. Amondi alisimama na birika lake, chai ikimwagika kidogo kidogo juu ya kiatu, na hakusikia kwamba ilikuwa moto.

Tangu siku hiyo ua ule ukawa na barabara. Asubuhi Osiepa yuko kwa Amondi, mchana Njamba yuko kwa Waithira, jioni arudi akiwa na harufu ya githeri ya mahindi na maharagwe kinywani. Amondi akaongeza dagaa wa omena kwenye ugali wa mbwa. Siku iliyofuata mbwa alirudi akitafuna mfupa, mfupa wa bucha hasa, wenye nyama. Amondi akapika matumbo. Ng'ambo ya pili pakanukia supu. Vita hivyo havikutangazwa na hakuna aliyeumia, isipokuwa Osiepa alinenepa mpaka akaanza kukwama kwenye tundu, na Mbuthia ikabidi alipanue kwa panga. Mbwa wengine wa Pioneer walihesabika mbavu. Huyu alikuwa na kitambi.

Kichwa cha Amondi hakikupumzika. Alikuwa akishona gauni la mtu, ghafla mguu unasimama juu ya pedali, anasikiliza. Wakicheka upande wa pili, wanacheka na Osiepa. Wakinyamaza, wanampapasa. Aliwahi kujaribu kumnusa mbwa sikioni kujua ni mkono wa nani ulikaa hapo, kama alivyokuwa akinusa kola za Ogola, akajiona kwenye kioo cha kabati akifanya hivyo na akaona haya. Siku iliyofuata alinusa tena.

Siku moja wakakutana uani, kila mmoja upande wake, mbwa amekaa kwa Amondi. Waithira alisema vizuri tu, kwamba watoto wangependa Njamba alale kwao, maana hapo ndipo kwao.

"Mama Wangeci, usijisumbue," alisema Amondi. "Hii mbwa haisikii Kikuyu tena. Imekuwa Mjaluo kabisa. Wewe angalia." Akamgeukia mbwa, akanyoosha mkono kuelekea lango. "Dhi!"

Osiepa akainuka na kitambi chake, akajikokota hadi langoni, akasimama huko akingoja sababu.

Waithira alitazama. Kisha akaanza kucheka, na halikuwa lile cheko la kuchokoza ambalo Amondi angelijibu. Alicheka hadi akashika tawi la mchongoma, akajichoma, akaendelea kucheka huku ananyonya kidole.

"Mama Javan, hiyo ni Kikuyu," alisema alipopata pumzi. "Thii. Nenda. Ni mimi nilimfundisha hiyo, wakati alikuwa anakojolea viatu za Mbuthia."

"Ni Kijaluo."

"Sawa. Sasa mwambie arudi, na Kijaluo."

"Bi!" aliita Amondi. Njoo.

Mbwa alimtazama mdomo. Hakusogea. Hakuwahi kuambiwa neno hilo. Miaka miwili yote hakukuwa na haja ya kumwita, alikuwa miguuni pake kila alipoangalia chini.

Amondi aliingia ndani. Wajaluo na Wakikuyu, ambao nchi nzima ilikuwa imeambiwa hawawezi kukubaliana hata juu ya saa, walikuwa wamekubaliana tangu zamani juu ya neno moja, na neno lenyewe lilikuwa la kufukuzana. Mtu mwingine angecheka. Yeye alikumbuka akina mama wa kanisa, na hadithi aliyowasimulia mara nyingi, na uso ukamwaka. Kwa hiyo hata siku ile ya kwanza, wakati alidhani anasikilizwa, mbwa yule alikuwa anamsikia Waithira.

Wiki hiyo hiyo kaunsili ya mji ikapitisha gari lenye spika mitaani. Sauti ilisema kila mbwa aliye ndani ya mipaka ya mji awe amechanjwa, awe na beji shingoni, na awe ndani ya ua wenye lango au kwenye mnyororo. Atakayepatikana akizurura atabebwa. Ng'ombe, mbuzi na kuku nao wakae kwa wenyewe. Watu wa Pioneer waliipokea sheria hiyo kama wanavyopokea utabiri wa hali ya hewa. Mlevi mmoja aliuliza gari kama na wanaume wanaozurura watabebwa, spika haikumjibu.

Amondi peke yake ndiye aliyeisikiliza hadi mwisho. Halafu akaenda mjini akanunua mnyororo.

Alimfunga Osiepa mlangoni pake, kwenye nguzo ya veranda. Waithira alipokuja kuuliza kulikoni, akajibiwa kwa upole mwingi kwamba sheria ni sheria, mtu asilete matatizo na kaunsili wakati ndiyo kwanza amerudi. Mbwa alilia mchana kutwa akiangalia tundu. Omena alikataa. Matumbo alikataa. Siku ya tatu aliacha kulia, akaanza kukaa kimya na kuwaangalia watu vifundo vya miguu.

Ndipo akaja Jepkosgei. Huyu alileta maziwa kutoka Moiben kila alfajiri kwa boda boda, mitungi miwili ikining'inia, na aliwauzia Amondi na Waithira wote wawili tangu kabla ya vurugu. Osiepa alikuwa mteja wake wa tatu. Kila siku alilambishwa kifuniko cha mtungi. Jepkosgei akainama na kifuniko mkononi kama kawaida. Mnyororo ukafika mwisho wake, na meno yakafika kwenye muundi.

Kliniki walimsafisha, wakamchoma sindano ya kwanza ya kuzuia kichaa cha mbwa, wakamwambia akapige ripoti ili mbwa awekwe chini ya uangalizi. Mchana wake akaja Murunga, afisa wa kaunsili, amebeba fimbo ndefu yenye kitanzi cha waya. Jepkosgei alikuja nyuma yake akichechemea, akaketi juu ya mtungi mtupu. Majirani wakasimama barabarani kwa umbali wa kutoitwa mashahidi.

"Mbwa ni ya nani?" aliuliza Murunga.

Aliuliza kwa mazoea tu. Miaka yote ya kazi hiyo jibu lilikuwa moja: mbwa akishauma mtu, mtaa wote huwa haujawahi kumwona. Yule aliyempa jina humwita "hiyo mbwa", na yule aliyemlisha asubuhi huuliza ilitoka wapi.

"Ni yangu," alisema Amondi.

"Ni yangu," ilisema sauti kutoka kwenye michongoma, na Waithira akatokeza, kitambaa cha kichwa kimejaa majani.

Murunga aliwaangalia. Akaona hawa mama hawajaelewa, akawaeleza taratibu. Mwenye mbwa ndiye mwenye kesi. Sindano zote zilizobaki za mama huyu ziko juu yake. Mbwa akionyesha dalili ya kichaa, au mguu wa mama huyu ukiharibika, atakayesimama mbele ya hakimu ni mwenye mbwa, si mwingine. Akangoja, ili mmoja wao apate nafasi ya kurudi nyuma kwa heshima. Kisha akauliza tena.

"Yangu," walisema pamoja.

"Ni mimi nilimfunga," Amondi aliharakisha. "Mnyororo ni wangu, nguzo ni yangu. Kosa ni langu."

"Alifungwa kwa sababu alikuwa anakuja kwangu," alisema Waithira. "Kama hakuwa anakuja kwangu, hangefungwa. Kama hangefungwa, hangeuma mtu. Afisa, hiyo kosa ni yangu kuanzia mizizi."

Murunga alivua kofia, akajikuna, akaivaa tena.

"Na mimi ndiye niliumwa," Jepkosgei alisema pale mtungini, "na mpaka sasa hakuna mtu ameniuliza mguu inaendelea aje. Nyinyi mnagombania meno tu."

Watu barabarani walicheka. Amondi alicheka pia kidogo, na huenda mambo yangeishia kwenye kicheko, kama Waithira hangemgeukia na kuanza kusema kwa sauti ya chini, kana kwamba afisa hayupo.

"Huko kambini Wangeci aliniuliza kila siku kama Njamba amekula. Kwa hema, matope hapa, mvua hapa, na mtoto anauliza mbwa amekula nini. Halafu mtu akaniletea habari. Akasema mbwa yenu imenona, iko na jina mpya, inafuata yule mama mpaka kanisani. Nilitaka kufurahi, Mama Javan. Nilijaribu. Nilikuchukia mpaka usingizi ikaisha. Wewe ulikuwa na nyumba, ulikuwa na mji, na bado ulikuwa na mbwa yangu."

Amondi alikuwa na majibu mengi tayari, aliyatayarisha kwenye cherehani kwa wiki nyingi, ya nani alipika omena na nani alimpeleka chanjo. Lililotoka halikuwa mojawapo.

"Na wewe ulirudi na bwana yako," alisema. "Kambi yote hiyo, moto yote hiyo, na Mbuthia akarudi na wewe. Wangu hakuchomewa kitu."

Jepkosgei aliangalia bendeji yake. Waithira alifungua mdomo aseme pole, mtu angeweza kuliona neno likija, na Amondi akamtazama kwa jicho lililomwambia asithubutu. Alikuwa amelitamani neno hilo miaka miwili, lakini si kutoka huko.

Murunga akakohoa na kurudi kwenye sheria, mahali ambapo alijua njia. Mbwa aliyeuma, alisema, afungiwe siku kumi aangaliwe, ndani ya ua wenye lango linalofungwa. Akageuka kuitazama ploti ya Amondi: wapangaji wanne, bafu moja, na lango ambalo halikuwa na bawaba tangu lini. Hapa haiwezekani. Akachungulia juu ya michongoma. Pale kuna lango na komeo. Kwa hiyo ni pale, au ni lori la kaunsili.

Waithira alishusha pumzi. Amondi aliliona jambo zima hapo hapo: Osiepa akilala kwa watu wenye ua, na baba, na watoto, na yeye akibaki na nguzo na mnyororo.

"Chanjo anayo," Murunga aliendelea. "Huyu nilimdunga mwenyewe mwaka jana pale kwa chifu. Nakumbuka hii tumbo. Imebaki beji. Siku hizi tunagonga jina la mwenyewe juu ya kibati, kwa sababu watu wanakataa mbwa zao. Nigonge nani?"

"Gonga—" alianza Waithira.

"Afisa," Amondi alimkatiza. "Huyu mbwa akifanya makosa, mnaenda kwa mlango wa nani? Ile analala, ama ile imeandikwa?"

"Ile imeandikwa. Analala wapi si shauri yetu, bora pawe na ua."

"Na mtu akitaka kujua ni mbwa ya nani?"

"Anasoma."

"Basi gonga Amondi."

Waithira alitaka kupinga. Lakini alikuwa mwanamke wa duka, na akili ya duka ilikuwa imerudi kabla ya duka lenyewe. Alilipima jambo: mbwa awe kwake, kesi ziwe kwa jirani. Alimtazama Amondi kama anavyomtazama mteja anayesahau kudai chenji. "Sawa," akasema. "Gonga Amondi."

Wakaachana hivyo, kila mmoja akiamini amempiga mwenzake bao.

Zile siku kumi Amondi aliingia kwa lango la Waithira kila asubuhi bila kubisha, kwa mamlaka. Mwenye mbwa lazima amwangalie mbwa wake. Alimfungua kinywa, akamtazama macho, akamwekea maji akiangalia kama atayaogopa. Osiepa alikunywa, akala chakula cha nyumba zote mbili, akapiga mkia kwa wote bila kubagua. Kichaa hakikuonekana, angalau kwa mbwa. Sindano za Jepkosgei zilitoka kwenye cherehani ya Amondi, magauni mawili matatu ya Pasaka, na aliyashona huku akiimba. Jepkosgei alipona, akarudi na mitungi yake, ila kifuniko sasa alikisukuma kwa mguu mzima, kutoka mbali.

Siku kumi zilipoisha, Mbuthia akazibua tundu alilokuwa ameliziba, na barabara ya uani ikafunguliwa tena. Mbwa alilala kwa Waithira kama sheria ilivyotaka, na kwa muda Waithira alitembea na uso wa aliyeshinda. Halafu wageni wakaanza kuja. Mgeni akiingia humsalimia mbwa kwanza, huinama, huona kibati kinang'aa, na watu wa Eldoret wakiona maandishi lazima wayasome. Amondi ni nani? wakauliza. Mnamfugia mtu mbwa? Shemeji wa Mbuthia kutoka Kiplombe aliuliza kama wanalipwa. Waithira alieleza mara ya kwanza, akaeleza mara ya pili, na mara ya tatu akaenda kufuma kitambaa chekundu cha sufu, akamfunga mbwa shingoni juu ya beji, akisema ni baridi.

Amondi alikiona kitambaa kile kutoka dirishani pake. Hakukuwa na baridi. Alirudi kukaa kwenye cherehani, akavaa miwani, akaivua, akacheka peke yake hadi akalazimika kuinamisha kichwa juu ya meza.

Mwezi haukuisha kabla Nasambu hajatokea. Nasambu aliishi nyumba ya tatu, alifuga kuku waliokuwa wakizurura mtaa mzima kinyume cha lile tangazo la gari, na siku hiyo alikuja amekamata kuku mmoja kwa miguu, mfu, shingo imelegea, manyoya yamebaki upande mmoja tu. Alipita mbele ya lango la Waithira, ambapo muuaji alikuwa amelala juani na kitambaa chake chekundu kimevutwa pembeni, manyoya yamemganda mdomoni. Waithira alikuwa anaosha vyombo hapo hapo nje. Alijifuta mikono, akasimama, tayari kujibu. Nasambu hakumtupia hata jicho. Alienda moja kwa moja hadi kwa Amondi, akagonga.

Amondi alifungua. Nasambu alikuwa na hasira ya kutosha nyumba mbili, na alimwaga yote: kuku wa mayai, kuku wa kuuza, kuku aliyekuwa anaenda kwa harusi ya dada yake, na kwamba yeye ameshika hiyo jambazi na mikono yake, akafunua kitambaa, akasoma mwenyewe, kwa hivyo mtu asijaribu kumzungusha.

Amondi alimsikiliza akiwa ameegemea mwimo wa mlango. Kuku angelipwa, hilo halikuwa na ubishi. Lakini juu ya michongoma alikuwa ameona ncha ya kitambaa cha kichwa ikiwa imesimama tuli, na chini yake, bila shaka, sikio.

"Hebu rudia hapo mwisho, Mama," alisema. "Sikusikia vizuri, hii cherehani ina kelele." Cherehani ilikuwa imefunikwa tangu asubuhi. "Mbwa ya nani?"

"Yako," alifoka Nasambu. "Mbwa yako, Amondi. Yako!"

Ng'ambo ya ua sufuria iliwekwa chini, kwa nguvu.

"Haya," alisema Amondi. "Ingia tuongee. Na usipunguze sauti."